Njia inapofia kwenye uzio: kwa nini Mbeya inakua lakini mitaa yake haikutani

Ukipanda daladala kutoka Uyole kwenda Kabwe, mkakwama pale Mama John au Soweto, hutakosa kumsikia abiria mmoja akisema: "Tuvumilie tu, njia nne ikikamilika foleni kwisha." Anazungumzia upanuzi wa TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, kati ya Nsalaga na Ifisi, kipande cha kilomita 29 kinacholipasua jiji la Mbeya kutoka upande wa Uyole mpaka kuelekea uwanja wa ndege wa Songwe. Mimi pia naitaka sana hiyo barabara. Malori ya Tunduma, mabasi ya Dar es Salaam, bajaji za sokoni na watoto wa shule wamebanana kwenye lami moja kwa miaka mingi, na tumeshazika watu kwa sababu hiyo.

Ila nikimsikia huyo abiria huwa natamani kumuuliza: wewe umetoka wapi, na unashuka wapi? Mara nyingi utakuta katoka kata moja anakwenda kata ya jirani, na zote ziko upande uleule wa barabara kuu. Hakuwa na sababu ya kuigusa TANZAM kabisa. Ameigusa kwa kuwa hakuna njia nyingine inayomtoa kwao ikamfikisha aendako. Tunalaumu wembamba wa barabara moja, kumbe sehemu kubwa ya shida yetu iko kwenye mamia ya vibarabara ambavyo havikutani.

Hili ndilo nataka tulielewe, kwa sababu upana wa barabara utaongezwa na mkandarasi, lakini kukutana kwa mitaa kunaamuliwa na sisi tunaouza na kununua viwanja.

Tuanze na maneno mawili. La kwanza ni kusambaa kwa mji. Wengi wanalichanganya na kukua. Mji unakua watu wanapoongezeka. Mji unasambaa pale unapokula ardhi kwa kasi kuliko unavyoongeza watu. Chukua donge la unga wa chapati. Ukiongeza unga, donge limekua. Ukichukua donge lilelile ukalisukuma, duara linapanuka mpaka kwenye ukingo wa meza, lakini unga ni uleule, umekuwa mwembamba tu. Mbeya inafanya yote mawili kwa pamoja: unga unaongezwa na mti wa kusukumia haupumziki.

Kuongezwa kwa unga tunakujua kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta watu 266,422 katika jiji la Mbeya. Ya 2012 ikakuta 385,279, na ya 2022 ikakuta 541,603. Katika miaka 20 tumekuwa zaidi ya mara mbili, na hapo hujahesabu Mbalizi, ambayo kiutawala iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya ingawa mtu anayelala Mbalizi na kufanya kazi Mwanjelwa anajiona wa mjini kama mwingine yeyote. Kusukumwa kwa donge hakuhitaji sensa. Muulize mzee yeyote wa Uyole kati yao na mjini kulikuwa na nini alipokuwa kijana. Atakutajia mahindi na viazi.

Neno la pili ni muunganiko wa mitaa. Hapa tunaangalia jinsi barabara na vichochoro vya mji vinavyokutana, na kama mtu ana njia zaidi ya moja ya kufika aendako. Mji unaweza kuwa na barabara nyingi mno na muunganiko ukawa mbovu. Watu wa Kyela, kule kwenye uvuvi wa Ziwa Nyasa, wananielewa haraka nikitumia mfano wa wavu na mti. Wavu una mafundo, na kila fundo limeshikwa na nyuzi tatu au nne. Ukikatika uzi mmoja, samaki bado wamo. Mti una shina, matawi, vitawi na majani. Jani likitaka kwenda kwenye jani la tawi jingine lazima lirudi hadi kwenye shina, kisha lipande upya. Shina likipata jeraha, mti mzima unaugua.

Katikati ya mji wetu wa zamani, ule ulioanza 1927 chini ya Mlima Loleza siku za machimbo ya dhahabu ya Lupa, ni wavu. Ukiwa Uhindini na mtaa mmoja ukazibwa kwa ajili ya msiba au harusi, unakunja kona na kupita mtaa wa pili. Mitaa mingi iliyozaliwa baadaye, kwenye mabonde na miteremko ya kandokando, ni mti. Shina lake ni TANZAM.

Namna ya kupima bila kuwa mtaalamu

Wapimaji wa mambo haya wana fomula ndefu, lakini vipimo viwili unaweza kuvifanya mwenyewe ukiwa na simu yenye ramani.

Cha kwanza ni kulinganisha umbali wa mstari ulionyooka na umbali wa njia unayopita kweli. Kutoka mlangoni kwangu mpaka geti la shule wanayosoma wanangu ni mita 230 ukinyoosha mstari. Kwa barabara ni kilomita 2.3. Gawanya: mara kumi. Kwenye mtaa uliopangwa kwa vitalu vya mraba, hata ukikaa kona mbaya kuliko zote, mzunguko hauzidi mara 1.4 hivi. Ukipata mbili bado si pabaya. Ukipata tano, kuna kitu kimeziba.

Cha pili ni kuhesabu miisho. Tembea mtaani kwako, na kila barabara inapofika mwisho au inapokutana na nyingine andika: hapa zinakutana nne, hapa tatu, hapa njia imefia. Katika kila sehemu 20 ulizoandika, njia zilizofia zikiwa moja au mbili, unaishi kwenye wavu. Zikiwa nane au tisa, unaishi kwenye mti. Tuna bahati kwamba tangu ile kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 njia nyingi zina kibao cha jina na milango ina namba, kwa hiyo kuhesabu ni rahisi kuliko zamani. Na utashangaa jinsi vibao vingi vyenye majina mazuri vilivyosimama mwanzoni mwa njia ambayo nyumba ya tano tu imeikatisha.

Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, linapendekeza mji utenge angalau asilimia 30 ya ardhi yake kwa barabara na mitaa, na kila kilomita moja ya mraba iwe na angalau kilomita 18 za barabara. Ukisikia hivyo unaona ni maneno ya mezani. Hebu tuyashushe. Chora mraba wa kilomita moja kwa moja. Weka barabara kila baada ya mita 100, kumi kwa urefu na kumi kwa upana. Umepata kilomita 20 za barabara na makutano mia moja. Kama wastani wa upana wake pamoja na mitaro na pa kutembea kwa miguu ni mita 15, zimechukua karibu asilimia 30 ya mraba wako. Kumbe wanachosema ni jambo la kawaida kabisa: mtoto asitembee zaidi ya mita mia kabla hajapata kona ya kukunja.

Na tusidhani ni Mbeya peke yake. Mwaka 2020 watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walichapisha matokeo ya kupima barabara za dunia nzima kwa kutumia ramani huria ya OpenStreetMap na picha za satelaiti. Katika asilimia 90 ya nchi 134 zenye watu wengi zaidi, muunganiko wa mitaa mipya umepungua tangu 1975. Waliona jambo jingine lililonigusa zaidi: mji ulioanza na mitaa iliyokatikakatika huelekea kuendelea hivyohivyo. Nyumba inaweza kubomolewa ikajengwa ghorofa, soko linaweza kuungua likajengwa upya, lakini mstari wa barabara ukishachorwa kati ya viwanja vya watu hukaa vizazi na vizazi.

Kiwanja cha saba

Sasa njia hufaje? Watu husema ni uzembe wa mipango miji, wakaishia hapo. Kuna kweli ndani yake, lakini ukikaa karibu na shamba linalokatwa viwanja utaona kwamba kila mtu anafanya hesabu inayomfaa yeye, na hesabu hizo zikijumlishwa zinatuzibia sote.

Eka moja, kwa vipimo vya mitaani, ni hatua 70 kwa 70. Mzee ana eka yake ya mahindi, ada za watoto zimembana, anamwita dalali. Dalali anashauri viwanja vya hatua 20 kwa 30, vitatu kushoto na vitatu kulia, njia ya hatua 10 katikati. Thelathini, kumi, thelathini, jumla sabini. Imekaa vizuri. Ila mzee anaiangalia ile njia: hatua 10 kwa 70 ni hatua 700 za mraba, na kiwanja kimoja ni 600. Njia imekula kiwanja kizima na zaidi, na hakuna atakayemlipa. Hapo majadiliano yanaanza, na njia ya hatua kumi inashuka kuwa sita, kisha nne. "Si bajaji itapita?" Inapita.

Tazama na urefu. Viwanja vitatu vya hatua 20 ni hatua 60. Mwishoni mwa shamba, mpakani na jirani, kunabaki ukanda wa hatua 10. Njia ikiendelea mpaka mpakani, ukanda ule haufai kitu. Njia ikikomea hatua ya 60, ukanda unakuwa kiwanja cha saba, hatua 10 kwa 70, kirefu na chembamba lakini kinauzika kwa bei nafuu kwa mtu mwenye haraka. Hicho kiwanja cha saba ndicho kizibo. Miaka mitatu baadaye jirani wa nyuma naye anauza eka yake. Njia yake inaingia kutoka upande wa pili, naye ana kiwanja cha saba. Mgongo kwa mgongo, na katikati uzio wa minyaa.

Nakijua vizuri kiwanja cha saba kwa sababu ndicho ninachokaa. Nilikinunua kwa kuwa kilikuwa cha bei nafuu na kimetulia, hakuna gari linalopita. Nilikabidhiwa karatasi ya mauziano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mashahidi, nikapima hatua zangu, nikafurahi. Sikuuliza njia inatokea wapi. Nilimwuliza mzee aliyeniuzia, miaka baadaye tukiwa tumezoeana, kwa nini hakuiacha ifike mpakani. Akanijibu bila kukwepa: "Mwanangu, ningeifikisha mpakani ningewafungulia watu wa upande wa pili. Wao wangenilipa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Njia inayopita hadi ng'ambo inawanufaisha mamia, lakini gharama yake inamwangukia mmoja. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa mzee na dalali. Inahitaji mchoro uliotangulia kuuza, wenye mistari ya barabara inayovuka mashamba ya watu wote, ili hasara ya kila mmoja iwe ndogo na ijulikane mapema.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka hivyo hasa, mpango utangulie ujenzi. Kinachotokea ni kwamba dalali ana mbio kuliko mchoro. Tena mamlaka zenyewe ni zaidi ya moja: barabara kuu iko chini ya TANROADS, barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017, na michoro ya viwanja iko kwa halmashauri na sekta ya ardhi. Mwananchi anayelalamika kuhusu njia iliyozibwa anaweza kuzunguka ofisi tatu, na kila moja ikawa na haki kusema hilo si langu, maana kipande kile hakijawahi kuwa barabara kwenye karatasi yoyote.

Wakati wa kujenga nililipia ujinga wangu. Fuso la matofali lilisimama mwanzoni mwa njia, dereva akashuka, akapima kwa macho, akasema akiingia hana pa kugeuzia. Akashusha mzigo palepale. Vijana walibeba matofali kwa toroli siku mbili nzima, na wiki hiyo mvua ikanyesha. Siku gari la taka lilipojaribu kuingia, lilirudi kinyumenyume njia nzima, utingo akitembea nyuma kupiga mluzi. Fikiria gari la zimamoto. Fikiria mama mwenye uchungu usiku. Mabomba ya maji nayo hufuata barabara: bomba linalozunguka na kurudi kwenye mtandao husukuma maji muda wote, lakini linaloishia ukutani huacha maji yakae na uchafu utuame mwishoni, na likipasuka mahali pamoja wote walio mbele yake wanakauka. Watu wa mwisho wa njia tunalijua hilo kwa ladha.

Mambo tunayoambiana

Kuna fikra kadhaa ambazo nimezisikia mara nyingi mno, nami nilikuwa naziamini baadhi.

Moja ni kwamba kiwanja kilichopimwa kina barabara nzuri, na makazi holela hayana. Nusu yake ni kweli. Kupimwa kunahakikisha mipaka yako na kwamba kiwanja kinafikika. Hakuhakikishi kwamba mtaa wako umeungana na wa jirani. Mpimaji anaweza kupima shamba moja kwa ustadi mkubwa, bikoni, yaani mawe ya mipaka, zikakaa sawasawa, hati ikatoka, na shamba zima likabaki na mlango mmoja tu wa kuingilia. Upande wa pili, nenda ukatembee vichochoro vya maeneo ya zamani yaliyojengwa bila ramani kule Mwanjelwa. Kwa miguu unatokea popote. Gari ndilo linalokwama. Kwa hiyo tunahitaji kuuliza maswali mawili tofauti, mtu anapita na gari linapita, badala ya kuuliza kama pamepimwa tu.

Nyingine, na hii naiheshimu, ni ya usalama. Watu wanapenda njia isiyo na mtokeo kwa sababu mwizi akiingia hana pa kutokea, na watoto wanacheza bila hofu ya bodaboda. Utulivu huo ni wa kweli, ninaishi ndani yake. Lakini njia isiyopitwa na watu haina macho. Mtaa wenye genge la mama muuza nyanya, fundi cherehani na watu wanaopita kwenda kazini saa 11 alfajiri una walinzi wasiolipwa. Tena kuna dawa ya katikati ambayo hatuifikirii: njia inaweza kuungana kwa miguu na baiskeli, ikawekwa nguzo mbili za zege gari lisipite. Utulivu unabaki, mtoto anafika shule.

Halafu kuna milima. "Mbeya ni milima na makorongo, utaunganisha nini?" Ni kweli kwamba jiji limelala kati ya safu ya Loleza na miinuko ya Uporoto, na vijito vinavyoshuka vimechimba makorongo yanayoigawa mitaa. Reli ya TAZARA nayo huvukika pale palipowekwa kivuko tu. Iringa wana shida hiyohiyo kwa sura nyingine: mji uko juu ya kilima, barabara kuu inapita chini pale Ipogolo, na mlima ule kila mtu anaujua kwa miguu yake. Mlima unaongeza gharama ya daraja la magari, sikatai. Kivuko cha miguu juu ya kijito ni kitu kingine. Magogo mawili na mbao, au kalavati na zege kidogo, na kata mbili zimekutana. Na shamba la mzee wangu lilikuwa tambarare kama meza. Pale mlima haukuhusika.

Turudi kwenye njia nne. Zitasaidia, na zitaokoa maisha kwa kutenganisha yanayokwenda na yanayokuja. Barabara ya mchepuo kati ya Uyole na Songwe, ambayo imekuwa ikitajwa kwenye mipango kwa muda, ingeondoa malori ya Tunduma ambayo hayana shida yoyote na Mwanjelwa. Lakini barabara pana ina tabia moja: inaisogeza karibu ardhi ya mbali. Mtu ambaye leo anaona Mbalizi ni mbali, kesho ataona ni dakika chache, ataangalia bei ya viwanja kule, na mzee mwingine mwenye eka yake atamwita dalali. Kama eka zile zitakatwa kama ilivyokatwa ya kwetu, kila nyumba mpya itakuwa jani jingine kwenye shina lilelile. Shina limenenepa, majani yamezidi. Miaka michache mbele tutakuwa tumekaa kwenye foleni ya njia nne.

Ndiyo maana, kwangu mimi, wakati wa kusema ni sasa, wakati mashamba ya pembezoni bado ni mashamba. Kuacha hatua kumi kwenye mahindi ni kuchora mstari. Kuzipata kati ya nyumba zilizoezekwa ni fidia, kesi na uadui wa majirani. Anayenunua kiwanja leo Itezi, Isyesye, Iwambi au popote kwingine aulize jambo moja zaidi ya bei na mipaka: hii njia inatokea wapi? Aende mpaka mwisho wake kwa miguu, aangalie nyuma ya uzio kuna nini. Na aulize ofisi ya jiji kama eneo lina mchoro wa mipango miji, kisha aulinganishe na anachoonyeshwa na dalali.

Kwa sisi tuliokwisha kujenga kuna urasimishaji wa makazi, ambapo wakazi wa mtaa hukaa na wataalamu, wakakubaliana kila mmoja amege kipande kidogo ili barabara zipatikane, ndipo viwanja vipimwe na hati zitolewe. Nimehudhuria mikutano hiyo. Ugomvi mwingi hauko kwenye ada. Uko pale mtaalamu anaponyoosha kidole kwenye ukuta wa mtu. Kila mtu anaitaka barabara, ilimradi ipite kwa jirani. Nilipofikiwa mimi nilinyamaza kidogo, nikakumbuka ile njia ya kilomita 2.3.

Kwenye uzio wangu wa nyuma watoto walikuwa wametoboa tundu kwenye minyaa. Walipita hapo kwenda shule miezi mingi, wanangu na wa majirani, mpaka ardhi ikawa ngumu na ya kung'aa. Kisha jirani wa upande wa pili akajenga ukuta wa tofali, haki yake, na njia ya watoto ikafa. Ndipo nikaenda kwake, tukaenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Jumamosi iliyopita tulinyoosha kamba. Kwangu zimetoka hatua nne, kwa urefu wote wa hatua kumi za kiwanja. Banda langu la kuku linahama. Kwa jirani zimetoka hatua nne pia, na amekubali kufungua ukuta mahali pamoja, kwa sharti kwamba nguzo ziwekwe na pikipiki zisipite. Tumesaini watu wazima sita, mwenyekiti akagonga muhuri, na nakala itapelekwa kwa wapimaji ili kwenye mchoro isomeke njia ya miguu, asije mtu baada yetu akaiuza. Kilichobaki ni mparachichi wa mke wa jirani, uliosimama katikati ya kamba kabisa, umebeba hadi matawi yanainama. Mama mwenyewe ameomba jambo moja, tuvumilie mpaka avune. Tumempa muda wake. Watoto wanaendelea kuzunguka.